Je, Wajua? Vituko vya Maji Mlangoni mwa Bomba

Korogwe imekaa kando ya Mto Pangani, Handeni imekaa juu, mbali na mto, na kati ya miji hii miwili ya mkoa wa Tanga kuna bomba. Wenyeji huliita HTM. Tangu miaka ya 1970 limekuwa gumzo la vijiweni: leo limetoa, leo halikutoa, kesho zamu ya mtaa gani. Habari za mgao tuwaachie wenyewe. Hapa tunachungulia pahali padogo ambapo hata fundi bomba hupapita bila kuangalia mara mbili: mdomo wa bomba, pale maji, mafuta, damu au hewa inapoingia. Vituko vilivyopo hapo ni vingi kuliko unavyodhani.

Maji matulivu huchelewa kuzoea bomba kuliko maji yenye fujo

Maji yakiingia bombani, mwanzoni yote hutembea kwa kasi moja, ya katikati na ya pembeni. Kisha yale yanayogusa ukuta hunasa kabisa. Kasi yake ni sifuri, hata bomba likiwa laini kama kioo. Yanayofuata nayo yanapunguzwa mwendo na hayo yaliyonasa, na tabaka hilo la mwendo wa polepole linazidi kunenepa hadi kufika katikati ya bomba. Hapo ndipo mkondo unapata umbo lake la kudumu: ukiwa mtulivu, maji ya katikati hukimbia mara mbili ya kasi ya wastani.

Safari hiyo ya kuzoea ni ndefu. Kwenye bomba la nusu inchi, maji yakipita polepole karibu na kiwango cha mwisho cha utulivu, yanahitaji mita 1.8 hivi, urefu wa mwanamume mrefu. Ukifungua koki kwa nguvu mkondo ukavurugika, sentimita 30 hadi 45 zinatosha, kwa sababu fujo huchanganya maji ya kati na ya pembeni haraka. Ndiyo maana mita nyingi za kupimia maji hutakiwa kutanguliwa na kipande cha bomba kilichonyooka: zikifungwa mara tu baada ya kona, zinapima maji ambayo bado hayajatulia.

Tundu la ukubwa mmoja, mkondo wa ukubwa mwingine

Toboa dumu la maji ubavuni, tundu safi lenye kingo kali, kisha tazama kwa makini mkondo unaotoka. Utaona unasinyaa. Umbali mfupi tu kutoka tunduni, eneo lake limebaki asilimia 62 hivi ya eneo la tundu lenyewe. Maji yanayotoka pembeni mwa dumu hukimbilia tunduni kwa ubavu, na hayawezi kukata kona ya ghafla. Yanapitiliza kidogo kuelekea katikati, ndiyo mkondo ukabanwa.

Maana yake ni kwamba theluthi nzima ya tundu ulilolipia haitumiki. Na mlango wa bomba lenye kingo kali hufanya hivyohivyo: maji hujibana ndani, yakiacha pete ya maji yanayozunguka bure ukutani.

Ongeza kizuizi, upate maji zaidi

Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote. Chukua tundu lile lile la dumu, sasa chomeka kipande kifupi cha bomba chenye upana huohuo, urefu wake mara mbili au tatu ya upana. Akili ya kawaida inasema umeongeza msuguano, kwa hiyo maji yatapungua. Yanaongezeka! Muda ambao tundu tupu lilijaza ndoo tatu, tundu lenye kipande cha bomba litajaza nne.

Siri ni ule mkondo uliojibana. Ndani ya kipande cha bomba unapata nafasi ya kutanuka tena na kujaza bomba zima kabla ya kutoka, na pale ulipokuwa umebanwa panakuwa na msukumo mdogo kuliko wa hewa ya nje, kama mvuto unaonyonya maji zaidi kutoka dumuni. Giovanni Battista Venturi, Mwitaliano, alichapisha majaribio ya namna hii mwaka 1797, lakini Warumi walikuwa wameshanusa jambo hilo zamani sana. Sextus Julius Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji ya jiji la Roma mwaka 97 baada ya Kristo, ameandika kanuni za kuwaunganishia watu maji. Kila mteja alipewa mdomo wa shaba wenye muhuri, wa urefu usiopungua vidole 12, na bomba lililofuata halikuruhusiwa kuwa pana kuliko mdomo huo kwa futi 50 za mwanzo. Kumbe mtu akipanua bomba mara tu baada ya mdomo alivuta maji mengi kuliko haki yake. Frontinus aliona pia kwamba mdomo ulioelekezwa kuupokea mkondo hunywa zaidi ya ule uliowekwa ubavuni. Kitabu chake kimejaa malalamiko juu ya wajanja wa kujiunganishia maji kinyemela, na mtu wa idara yoyote ya maji ya leo akikisoma atacheka peke yake.

Mlango mbaya kuliko yote ni ule uliochungulia ndani

Mafundi wetu wengi wakiunga bomba kwenye tenki huacha ncha yake ichomoze ndani kidogo. Kwa upande wa mkondo, huo ndio mlango wenye hasara kubwa kupita yote. Wahandisi hupima hasara ya mlangoni kwa namba: mlango wa mviringo uliochongwa kama mdomo wa tarumbeta hupoteza 0.04 tu, wenye kingo kali 0.5, na uliochungulia ndani hufika 0.8 hadi 1. Mfaransa Jean-Charles de Borda alionyesha mwaka 1766 kwamba kwenye mdomo wa aina hiyo mkondo hujibana hadi nusu kamili ya eneo la mdomo wa bomba.

Nisiwaonee mafundi, lakini. Ncha ikichomoza, matope yaliyotulia chini ya tenki hayaingii bombani, na kwa maji yetu ya masika hiyo ni faida kubwa. Tena bomba likiwa refu, msuguano wa njiani humeza hasara ya mlangoni mpaka haionekani. Namba hizi zinauma kwenye bomba fupi na nene, mfano la kutolea maji bwawani.

Magari ya Manchester yaliharibu marudio ya jaribio la mwaka 1883

Osborne Reynolds alikuwa profesa mjini Manchester, Uingereza. Alitengeneza tenki lenye kuta za kioo, akaweka ndani yake bomba la kioo lenye mdomo wa tarumbeta, akaacha maji yatulie kwa saa kadhaa, kisha akaingiza uzi mwembamba wa rangi mdomoni. Kasi ikiwa ndogo, uzi ulipita umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Akiongeza kasi, ghafla uzi ulikatika na rangi ikatapakaa bomba zima.

Ametuachia namba inayobeba jina lake, inayounganisha kasi, upana wa bomba na mnato wa kinachopita. Kwenye mabomba ya kawaida mkondo huweza kuanza kuvurugika namba hiyo ikifika 2,000 hivi. Kwa mdomo wake laini na maji yaliyotulizwa, Reynolds aliufikisha karibu 13,000 bila kuvurugika! Karibu karne moja baadaye watafiti walirudia jaribio kwa vifaa vyake vilevile, na hawakufika huko. Mtetemo wa magari barabarani, ambayo mwaka 1883 hayakuwepo, ulitosha kuutikisa mkondo mlangoni. Koki ya nyumbani kwako ikitoa maji kwa kasi ya mita moja kwa sekunde, kwenye bomba la nusu inchi, namba yake ni kama 16,000. Humo ndani ni vurugu tupu.

Inchi moja haiko mara mbili ya nusu inchi

Iko mara sita. Kwa presha ileile na urefu uleule, bomba la inchi moja hupitisha takribani mara sita ya maji ya nusu inchi, mkondo ukiwa wenye fujo kama ilivyo majumbani. Ndoo iliyojaa kwa dakika sita itajaa kwa dakika moja.

Mkondo ukiwa mtulivu tofauti ni kubwa zaidi, mara 16, na aliyeligundua hilo alikuwa daktari wa Kifaransa, Jean Poiseuille, miaka ya 1830 na 1840, aliyetaka kujua damu inavyopita kwenye mishipa myembamba. Anayejenga nyumba akabana bajeti kwenye upana wa bomba, basi, amebana mahali pabaya.

Damu huwa nyepesi ikiingia kwenye bomba jembamba

Ungetarajia ing'ang'anie. Robin Fåhræus na Torsten Lindqvist, Waswidi, walionyesha mwaka 1931 kwamba kwenye mrija mwembamba kuliko milimita 0.3 damu hupita kana kwamba imepunguzwa mnato. Chembe nyekundu huenda katikati, maji ya damu hubaki pembeni yakilainisha njia.

Anayefaidi ni mbu. Mrija wake wa kunyonyea ni mwembamba kuliko unywele, ukipitisha chembe chache tu za damu kwa ubavu, na kichwani ana pampu mbili, moja nyuma ya nyingine, zinazovuta kwa kupokezana. Korogwe inamfahamu vizuri mdudu huyu. Kituo cha utafiti cha NIMR kilichopo hapo kilishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, wakati mmoja sambamba na Kilifi nchini Kenya, na chanjo hiyo ndiyo Shirika la Afya Duniani liliyoipendekeza Oktoba 2021, ya kwanza katika historia ya malaria. Watoto wa Korogwe wana sehemu yao katika habari hiyo.

Huwezi kunyonya maji kutoka kina cha mita 11, hata uwe na pampu ya dhahabu

Pampu iliyowekwa juu ya kisima haivuti maji kamwe. Inaondoa hewa bombani, kisha uzito wa hewa ya nje unayasukuma maji yaingie na kupanda. Hewa ya usawa wa bahari ina nguvu ya kuyainua mita 10.3, basi. Evangelista Torricelli, mwanafunzi wa Galileo, ndiye aliyelielewa jambo hilo miaka ya 1640.

Handeni, kwa vile iko juu ya usawa wa bahari kwa mita mia kadhaa, hewa yake ni nyepesi zaidi na kikomo kinashuka hadi mita 9 na nusu hivi, nayo hiyo ni hesabu ya karatasini. Pampu halisi huanza kuhema kwenye mita 7. Kwa hiyo kisima kirefu hudai pampu ya kuzamisha, isukume kutoka chini.

Lakini mti unaweza

Mwaka 2016 watafiti walitangaza mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika: Entandrophragma excelsum wa mita 81.5, kwenye bonde moja la Kilimanjaro. Maji yanaingia mizizini na kufika kileleni, mara nane ya kikomo cha Torricelli, bila pampu. Majani yanapopoteza maji juu, nyuzi nyembamba za maji ndani ya mti huvutwa kama kamba, na kwa kuwa mirija ni myembamba mno na haina hewa, kamba haikatiki. Na ni huko Kilimanjaro, pamoja na Meru, ndiko Mto Pangani unakoanzia. Maji ya Korogwe yana majirani wakubwa.

Handeni iko juu ya Korogwe kwa zaidi ya mita 300

Kila mita 10 za kupanda hudai presha sawa na ile ya hewa nzima iliyotuzunguka. Ukipandisha maji mita 300 kwa mkupuo mmoja, bila kuhesabu msuguano, pampu inahitaji presha ya zaidi ya mara 10 ya tairi la gari dogo. Sehemu ya chini kabisa ya bomba ndiyo inayobeba mzigo wote huo, ndiyo maana wahandisi hupenda kuikata safari vipande, pampu na matenki ya kupokezana.

Sasa Mto Pangani unachotwa tena kwa kiwango kikubwa zaidi. Mradi wa Maji wa Miji 28, unaogharimiwa na mkopo wa Dola za Marekani milioni 500 kutoka India, umezijumuisha Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani kwa pamoja.

Maji ya Pangani huzalisha umeme mara tatu kabla ya kufika baharini

Kwanza Nyumba ya Mungu, megawati 8. Kisha Hale, wilayani Korogwe, megawati 21, kituo cha tangu 1964. Halafu New Pangani Falls, megawati 68, cha miaka ya 1990. Jumla 97, kwa maji yaleyale. Pale Hale mitambo imefichwa chini ya ardhi: maji huingia mdomoni juu, yakashuka gizani hadi kwenye mashine.

Mlangoni mwa njia hizo kuna chujio la vyuma la kuzuia magogo na magugu, na ndani kuna hofu moja kubwa kuliko magugu, nayo inastahili kichwa chake.

Kufunga koki kwa ghafla ni kujipiga nyundo

Umewahi kusikia bomba likigonga "du!" ukutani koki ilipofungwa haraka? Maji yaliyokuwa yakikimbia mita moja tu kwa sekunde, yakisimamishwa ghafla kwenye bomba la chuma, hupandisha presha kwa kiasi cha zaidi ya angahewa 10, sawa na uzito wa maji ya kimo cha mita 100. Presha hiyo husafiri kinyumenyume bombani kwa kasi inayozidi mita 1,000 kwa sekunde, mara tatu ya sauti hewani. Mrusi Nikolai Joukowsky aliyapima hayo kwenye mabomba ya jiji la Moscow na kuyachapisha mwaka 1898.

Bomba la plastiki hutanuka kidogo na kupunguza kishindo. Kwenye mitambo ya umeme hujengwa tenki au shimo refu la wima karibu na bomba, maji yapate pa kupanda yanapozuiwa. Nyumbani dawa ni mkono wa polepole.

Kisulisuli cha Nanyuki ni mazingaombwe

Mdomo wa bomba ukiwa karibu mno na uso wa maji, juu yake hujichimba kisulisuli kinachozunguka na kunyonya hewa hadi bombani. Pampu inayokula hewa hutetemeka, hupoteza nguvu, na mapezi yake huharibika. Kwa hiyo mdomo wa kuchotea maji mtoni au bwawani huzamishwa chini vya kutosha, na kiangazi maji yakishuka wahudumu wa pampu huwa macho.

Kinazungukia upande gani? Hapo ndipo uhondo ulipo. Ukipita Nanyuki nchini Kenya, au Kayabwe nchini Uganda, mahali mstari wa Ikweta unapokata barabara, utakuta vijana wenye beseni lenye tundu. Hatua chache kaskazini maji yanazunguka upande huu, hatua chache kusini upande ule, mstarini yanashuka moja kwa moja. Watalii wanapiga picha, wanalipa, wanaondoka wameridhika. Ukweli ni kwamba kwa hatua chache kutoka Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu yoyote ya kuonekana kwenye beseni. Kinachoamua ni namna kijana alivyoyamimina maji na alivyogeuka. Mkono wake una ufundi, tumpe heshima yake.

Hata hivyo kanuni yenyewe ni ya kweli. Mwaka 1962 Ascher Shapiro wa chuo cha MIT, Marekani, alichukua tenki la upana wa mita 1.8 hivi na kina cha sentimita 15, akalijaza, akalifunika, akayaacha maji yatulie saa 24 ili yasahau yalivyomiminwa. Kisha akazibua tundu dogo la katikati. Kwa dakika zaidi ya kumi hakuna kilichoonekana. Halafu taratibu maji yakaanza kuzunguka kinyume cha mshale wa saa, kila aliporudia. Mwaka 1965 wenzake wa Sydney, Australia, wakafanya hivyohivyo na kupata upande wa pili. Handeni iko nyuzi 5 na nusu hivi kusini mwa Ikweta, na huko nguvu hiyo ni kama moja ya saba ya ile ya huko MIT. Anayetaka kujaribu aandae tenki kubwa na subira kubwa zaidi.

Mvuke unaosukuma maji hadi ulikotoka wenyewe

Reli ya Usambara iliyoanzia Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Magarimoshi ya zama hizo yalikuwa na kifaa kidogo kisicho na kiungo kinachozunguka, alichokibuni Mfaransa Henri Giffard mwaka 1858. Mvuke wa tenki la moto uliingizwa kwenye mdomo mwembamba, ukatoka kwa kasi kubwa, ukakumbana na maji baridi, ukageuka maji, na mwendo wake ukayasukuma yote mawili kuingia kwenye tenki lilelile lenye presha ya mvuke huohuo. Watu wengi waliposikia walidhani ni uongo. Siri iko mdomoni: presha imebadilishwa ikawa kasi, na kasi ikabadilishwa tena ikawa presha upande wa pili.

Mafuta ya bomba la Hoima ni ya kupita Handeni na Korogwe kwa mwendo wa mtu anayetembea

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, njia yake imepita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi. Yakiachwa kwenye joto la kawaida huganda kama samli asubuhi ya baridi Lushoto, kwa hiyo bomba zima limevikwa blanketi na kuwekewa nyaya za umeme, mafuta yabaki na joto la nyuzi 50 au zaidi. Ni bomba refu kuliko yote duniani linalopashwa moto kwa umeme.

Tufanye hesabu. Upana wake ni inchi 24. Tuchukue mapipa 216,000 kwa siku. Gawanya, unapata kasi ya mita 1.4 au 1.5 kwa sekunde, yaani kilomita 5 kwa saa. Tone lililoingia bombani Hoima Jumatatu litafika Tanga Ijumaa au Jumamosi ya wiki inayofuata. Na kabla tone la kwanza halijatoka mwisho, mapipa kama milioni mbili na nusu yanakuwa yamelala ndani kujaza nafasi. Kituko kingine: kuna vituo sita vya pampu vya kuyasukuma mafuta, na pia viwili vya kuyapunguza presha, kwa sababu bomba linaposhuka kutoka nyanda za juu kuelekea pwani, uzito wa mafuta yenyewe huzidi.

Petroli na dizeli hupokezana bomba moja bila pazia kati yao

Tangu 1978 bomba la Mombasa hadi Nairobi limekuwa likisafirisha mafuta ya aina mbalimbali kwa zamu, moja nyuma ya jingine, yakigusana. Mchanganyiko unaotokea mpakani ni mdogo kulinganisha na shehena. Kumbuka tulichosema mwanzo: mkondo mtulivu ungetuma petroli ya katikati mbele mbio, ikatoboa dizeli kama mkuki. Fujo ndani ya bomba huufanya uso wa mkondo uwe bapa, na mpaka hubaki mfupi. Vurugu zinaleta nidhamu!

Asali haijui kusubiri

Handeni ina wafugaji nyuki, nao wamewahi kuliona hili bila kulipima. Asali ikiingia kwenye mrija huzoea papo hapo, ndani ya umbali usiofika hata upana wa mrija wenyewe. Mnato wake ni maelfu ya mara ya ule wa maji, hivyo ukuta hutuma habari hadi katikati mara moja. Kwa asali, mlango na chumba ni kitu kimoja.

Mkonga wa tembo hupanuka unaponyonya

Ukinyonya soda kwa mrija laini, mrija hujikunja ndani. Tembo amekwepa tatizo hilo: watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2021 kwamba anapovuta hutanua pua ndani ya mkonga, nafasi ikaongezeka kwa karibu theluthi mbili. Hewa huingia kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde, yaani kilomita 540 kwa saa, zaidi ya mara tatu ya mwendo wa treni yetu ya SGR. Tembo wa hifadhi ya Mkomazi hawakuulizwa, lakini hakuna sababu ya kudhani wako nyuma.

Mita ya maji huhesabu hata upepo

Maji yakikatika, bomba la mtaa halibaki tupu, linajaa hewa. Yakirudi, yanaisukuma hewa hiyo mbele yake, nayo ikipita kwenye mita ya kawaida yenye kijipangaboi ndani, inakizungusha kama yangefanya maji, tena kwa kasi zaidi kwa kuwa hewa ni nyepesi. Mabomba makubwa huwekewa valvu za kutoa hewa kwenye sehemu za miinuko, na njia yenye milima kama ya Handeni huzihitaji kuliko njia ya tambarare. Basi siku mgao ukirudi mtaani kwenu, usiache koki zote wazi ukisubiri mlio. Fungua moja, kidogo kidogo, hewa itoke taratibu, halafu ndipo ulete madumu.